Kulaza Kompyuta ya Mezani Bila Kuizima



Maulizo mengi yametufikia juu ya kompyuta za mezani. Moja linarudi kila mara: «Sababu gani mashini zinabaki zikiwaka wakati wa mapumziko, na tunajua umeme hautoshi?» Wengine wanajibu: tuzizime. Lakini kuzizima na kuziwasha kunakula dakika za somo, na kila mtu anapoteza mahali alipofikia. Basi wanauliza tena: kompyuta ndogo ya kubeba inalala mtu akiifunika tu, mbona ile ya mezani mara inakataa kulala, mara inaamka peke yake, mara haiamki kabisa?

Leo tunajibu. Tutaeleza usingizi wa mashini ni kitu gani, kisha namna ya kuupata kwenye mashini yenye Linux, na mwisho hatari moja ambayo kila mtu anayekatikiwa na umeme sharti aijue. Mwenye haraka asiruke sehemu ile ya mwisho.

1. TUPIGE HESABU KWANZA

Tuseme mashini moja ya mezani, inayowaka bila kazi, inakula wati 60. Ikilala vizuri inakula wati 3 hivi. Sasa tuchukue chumba cha mashini 10, na mapumziko ya saa mbili katikati ya mchana.

Zikiwaka: 10 × 60 × 2 = wati-saa 1200.
Zikilala: 10 × 3 × 2 = wati-saa 60.

Tazameni batri ya volti 12 na ampea-saa 100, zile zinazotumika na pano za jua. Mukizidisha 12 kwa 100 mutapata 1200. Maana yake, mashini zile kumi, bila mtu hata mmoja mbele yao, zimekunywa batri nzima. Tena batri ya risasi haipendi kumalizwa kupita nusu, inakufa mbele ya wakati. Kwa hiyo ni batri mbili zilizofanya kazi bure. Ndiyo sababu jambo hili si mchezo wa mafundi tu. Ule umeme ungewasha taa za masomo ya jioni.

2. USINGIZI UKO WA NAMNA TATU

Kompyuta iko na mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni RAM, kumbukumbu ya haraka. Ndipo kazi yote iliyofunguliwa inakaa. RAM inashika mambo wakati ina umeme tu. Umeme ukitoka, inasahau yote. Pa pili ni diski. Diski ni ya polepole, lakini haisahau hata ikikaa mwaka bila umeme.

Sasa usingizi:

a) Usingizi mwepesi. Programu zote zinasimamishwa, vifaa vinapumzika, lakini mashini haizimi sehemu zake kubwa. Ni kama sungura anayelala macho wazi. Linux inauita s2idle.

b) Usingizi mzito. Karibu kila kitu kinazimwa: prosesa, diski, feni, kadi ya picha. RAM peke yake inabaki inapata umeme kidogo wa kushika kumbukumbu. Mafundi wanauita S3. Linux inauita deep. Mashini inaamka kwa sekunde chache.

c) Usingizi wa diski. Yote yaliyo ndani ya RAM yanaandikwa kwenye diski, kisha mashini inazimika kabisa. Ukiiwasha tena, inasoma diski na kurudisha kazi pale ulipoiacha. Huu unaitwa S4. Kuamka kunachukua muda, lakini hauhitaji umeme hata kidogo wakati wa kulala.

Tutarudi kwa tofauti hii, maana ndani yake ndimo hatari imejificha.

3. NANI ANAILAZA MASHINI?

Zamani kazi hii ilikuwa ya BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya kibao kikuu cha mashini. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa kanuni iliyoitwa APM. Kwa kanuni ile BIOS ndiyo iliyoshika sehemu kubwa ya kazi. Mwezi wa 12 mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni mpya, ACPI. Tangu hapo mfumo wenyewe, yaani Windows ama Linux, ndio unaoamua, na BIOS inapaswa kuueleza vifaa vipi viko na namna gani vinalazwa.

Mukiagiza Linux ilale, mambo haya yanapita moja kwa moja:

Kwanza, faili zinazongoja kuandikwa zinapelekwa kwenye diski. Pili, programu zote zinagandishwa. Tatu, kila kifaa kinaambiwa «lala»: klavye, suri, kadi ya sauti, kadi ya mtandao, kadi ya picha, diski. Vifaa vidogo vinatangulia, na vile vinavyovibeba vinafuata. Nne, sehemu za prosesa zinazimwa, inabaki moja. Tano, ile moja inaambia kibao kikuu: kata umeme, acha RAM tu. Wakati wa kuamka, njia ni ileile, lakini kinyumenyume.

Basi mumeona. Usingizi ni mapatano ya watu wengi. Kifaa kimoja kikikataa, safari yote inavunjika. Fundi asianze kubadilisha vitu ovyo. Atafute nani amekataa, na wakati gani. Hapa Linux inatusaidia sana. Ilianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki, Finland, mwaka 1991, na maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma. Tena inaandika habari za kila hatua, na inatuachia milango ya kupima. Hatulipi kitu, wala hatungoji mtu wa mbali aje kutufungulia.

4. KAZI YENYEWE

Fungueni dirisha la amri. Neno sudo mbele ya amri linaomba ruhusa ya mkubwa wa mashini. Mwanafunzi asilitumie bila anayetunza chumba kujua.

Hatua ya kwanza: kuuliza mashini inajua kulala namna gani. Andikeni:

    cat /sys/power/state

Jibu la kawaida ni: freeze mem disk. Mem ndiyo usingizi wa RAM, disk ndiyo usingizi wa diski. Kisha:

    cat /sys/power/mem_sleep

Mukiona s2idle [deep], vizuri: usingizi mzito umechaguliwa, alama zile zinaonyesha uliochaguliwa. Mukiona [s2idle] deep, usingizi mwepesi ndio uliochaguliwa, lakini mzito upo. Mwagizeni hivi:

    echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Mukiona [s2idle] peke yake, basi BIOS haijatoa S3. Washeni mashini upya, ingieni katika BIOS, tafuteni ukurasa wa umeme ama wa ACPI, muone kama S3 imefungwa. Mashini nyingine mpya hazina S3 kabisa; hapo mutatumia usingizi wa diski.

Hatua ya pili: kujaribu. Hifadhini kazi yote, halafu:

    systemctl suspend

Feni zinanyamaza, skrini inakuwa nyeusi, mara nyingi taa ya mbele inapepesa. Ngojeni dakika nzima. Bonyezeni klavye, ama kitufe cha kuwashia mara moja kwa haraka. Msikishike kwa muda mrefu: kukishika sekunde chache ni kuizima kwa nguvu.

Hatua ya tatu: kufanya uchaguzi udumu. Ile amri ya echo inasahauliwa mashini ikizimwa. Kwa Debian na Ubuntu, fungueni faili /etc/default/grub, na ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongezeni:

    mem_sleep_default=deep

Kisha andikeni sudo update-grub. Mwisho, katika ukurasa wa umeme wa mipangilio, chagueni mashini ilale yenyewe kama hakuna mtu aliyeigusa kwa dakika 20.

5. MAGONJWA MATATU NA DAWA YAKE

Ugonjwa wa kwanza: inalala, inaamka palepale. Huu ni mwingi kwa mashini za mezani, kwa sababu vitu vingi vimefungiwa humo na kila kimoja kinaweza kupewa ruhusa ya kuamsha. Suri ikitikiswa na meza, mashini inaamka. Kadi ya mtandao ikisikia habari kwenye waya, mashini inaamka. Tazameni kwanza habari zake:

    journalctl -k | grep "PM: suspend"

Mutaona suspend entry, ni saa ya kuingia, na suspend exit, ni saa ya kutoka. Kama kati yao ni sekunde mbili tatu tu, iko kitu kimeiamsha. Ulizeni nani ana ruhusa:

    cat /proc/acpi/wakeup

Mutapata orodha ya majina mafupi, kama PWRB, XHC, GLAN, GPP0. Mbele ya kila moja imeandikwa enabled ama disabled, yaani ruhusa ipo ama haipo. XHC kwa kawaida ni matundu ya USB, mahali pa klavye na suri. Kuondoa ruhusa yake:

    echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup

Angalieni: amri hii ni kama kitufe cha taa. Ukiiandika mara moja inafunga, mara ya pili inafungua tena. Ondoeni ruhusa moja, jaribuni usingizi, kisha ya pili, jaribuni tena. Mtu akiondoa zote kwa pamoja hatajua aliyekosa ni nani. Na musimnyime ruhusa PWRB kama ameorodheshwa, kile ni kitufe cha kuwashia. Mukimpata mwenye kosa, tengenezeni faili hii, /etc/systemd/system/usingizi.service:

    [Unit]
    Description=Kuzuia XHC isiamshe mashini
    [Service]
    Type=oneshot
    RemainAfterExit=yes
    ExecStart=/bin/sh -c "echo XHC > /proc/acpi/wakeup"
    [Install]
    WantedBy=multi-user.target

Kisha sudo systemctl enable usingizi.service. Tangu siku ile mashini itafanya kazi hiyo yenyewe kila inapowashwa.

Ugonjwa wa pili: inaamka, lakini skrini ni nyeusi. Kabla ya kusema imekufa, bonyezeni kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mashini iko hai. Ni picha tu iliyopotea. Jaribuni Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Mara nyingine ukurasa wa maandishi unatokea, na mutaweza kuizima kwa utaratibu. Lawama iko kwa programu inayoendesha kadi ya picha. Sasisheni Linux na programu ile. Kama kadi inaendeshwa na programu iliyofungwa ya kiwanda, jaribuni ile huria iliyo ndani ya Linux, kama kadi yenu inaikubali, muone tofauti.

Ugonjwa wa tatu: haiamki kabisa, hata Caps Lock haijibu. Hapa sharti tujue hatua iliyovunjika. Linux iko na mlango wa majaribio, faili /sys/power/pm_test. Ikiwa ipo kwenye mashini yenu, fanyeni hivi:

    echo devices | sudo tee /sys/power/pm_test
    echo mem | sudo tee /sys/power/state

Mashini italaza vifaa vyake tu, itangoja sekunde tano, itaviamsha. Ikirudi vizuri, wekeni neno platform pahali pa devices, kisha processors, kisha core. Pale inaposhindwa ndipo ugonjwa ulipo. Ikishindwa kwa devices, kifaa kimoja kina kosa: ng'oeni vya USB visivyo lazima, mujaribu tena kimoja kimoja. Ikipita zote lakini ikashindwa kwa usingizi wa kweli, shakeni BIOS. Tafuteni kama kuna BIOS mpya kwa kibao kile. Mukimaliza kupima, andikeni:

    echo none | sudo tee /sys/power/pm_test

Bila hivyo mashini itaendelea kucheza mchezo wa sekunde tano siku zote.

6. UMEME UKIKATIKA: HATARI YENYEWE

Sasa tumefika kwa neno kubwa. Kompyuta ya kubeba iko na batri ndani yake. Ikilala na umeme ukatoka, batri inashika RAM. Kompyuta ya mezani haina batri ya namna ile. Batri ndogo ya mviringo iliyo kwenye kibao chake ni ya saa na ya mipangilio ya BIOS, haiwezi kushika RAM. Kwa hiyo mashini ya mezani ikilala usingizi mzito, na umeme ukakatika hata kwa sekunde chache, yote yaliyokuwa RAM yamekwenda. Mwanafunzi aliyeacha karatasi yake ya mwisho wa mwaka wazi bila kuihifadhi atarudi kukuta mashini imezimika na maneno hayako.

Wengine wanasema: «Lakini Linux inapeleka faili kwenye diski mbele ya kulala.» Ni kweli, inapeleka yale iliyokwisha kukabidhiwa. Maneno uliyoandika na hujabonyeza kuhifadhi bado yako mikononi mwa programu ya kuandikia. Linux haijui kama unataka yawe faili.

Dawa ipo, nayo ni usingizi wa pamoja:

    systemctl hybrid-sleep

Kwa amri hii mashini inaandika RAM yote kwenye diski kwanza, kisha inalala usingizi mzito. Umeme usipokatika, inaamka kwa sekunde chache. Ukikatika, unaiwasha na inasoma diski, kazi inarudi. Ni kama mtu anayeweka akiba ghalani, lakini anakula kwanza iliyo jikoni.

Usingizi huu unadai mambo matatu. La kwanza, diski iwe na sehemu ya swap yenye kutosha. Ikiwa sawa na RAM, ama kuipita, hakuna shaka. Pimeni kwa free -h na swapon --show. La pili, Linux ijue mahali pa kusoma wakati wa kuamka. Kwa Debian, tafuteni namba ya UUID ya swap kwa lsblk -f, iandikeni ndani ya faili /etc/initramfs-tools/conf.d/resume hivi: RESUME=UUID=namba yenyewe. Kisha sudo update-initramfs -u. Mara nyingi, kama swap ni sehemu yake peke yake ya diski, Debian imekwisha kufanya hivyo wakati wa kuwekwa. La tatu, Secure Boot ndani ya BIOS: ikiwa imefunguliwa, Linux nyingi zinakataza usingizi wa diski kwa ajili ya usalama. Wenye kutunza chumba ndio wanaoamua kama wataifunga.

Mukimaliza, musiamini kwa mdomo. Fungueni ukurasa usio na maana, andikeni maneno machache, lazeni mashini kwa hybrid-sleep, ngojeni inyamaze kabisa, halafu ng'oeni waya kwenye prizi. Rudisheni waya, washeni. Maneno yale yakirudi, kazi imekamilika. Yasiporudi, bado musiwaambie wengine kwamba chumba kiko tayari.

7. MAMBO YA KUSHIKA SIKU ZOTE

Hifadhi kwanza, laza baadaye. Hata usingizi wa pamoja haulipi uvivu wa kidole.

Mashini iliyolala si mashini iliyozimwa. Msifungue sanduku lake wala kutoa RAM ama kadi. Ngojeni izimwe na waya utolewe.

Mashini iliyolala kwa diski isiwashwe na mfumo mwingine, wala diski yake isifunguliwe kwa mashini nyingine. Faili zinaweza kuharibika, kwa maana Linux iliyolala inafikiri hakuna aliyezigusa.

Radi ikianza, usingizi hautoshi. Zimeni kabisa, toeni waya kwenye prizi, na ule wa mtandao pia. Milima ya mashariki ya Congo ni kati ya mahali duniani ambapo radi inapiga mara nyingi zaidi, satelaiti zimepima hivyo. Mashini inayolala bado imefungwa kwenye waya.

Na jioni, kama hakuna atakayeitumia hata kesho asubuhi, izimeni. Wati 3 kwa saa 12 ni wati-saa 36 kwa kila mashini. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo zinavyokimaliza vilevile.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Sababu gani kompyuta ya kubeba inavumilia umeme kukatika, na ya mezani inapoteza kazi?
2. Mashini imelala saa 4.10, imeamka saa 4.10 na sekunde tatu. Utaandika amri gani kwanza?
3. Skrini ni nyeusi, lakini taa ya Caps Lock inajibu. Ugonjwa uko wapi?
4. Chumba kina mashini 8, kila moja wati 50 ikiwaka na wati 2 ikilala. Kwa saa tatu, tutaokoa wati-saa ngapi?

Mwenye kupata jibu la ulizo la nne aliandike kwenye karatasi ndogo, na pembeni aandike ni taa ngapi za wati 10 zingewaka kwa saa tatu kwa umeme ule. Karatasi tutazibandika kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, ili kila anayetoka azione mbele ya kufunga mlango.